Je, Jack ni Jacques? Jina la mgeni wetu na karatasi zake

Mwandishi wa Kamalondo, Lubumbashi

Ndugu wasomaji, ninawasalimu nyote. Ninafanya kazi ya uandishi wa ofisi katika kampuni ndogo hapa Lubumbashi inayouza na kutengeneza pampu za maji zinazotumika migodini, na mwezi ujao tunampokea fundi mkuu kutoka Uskoti ambaye atakaa nasi kwa muda ili kuwafundisha mafundi wetu. Barua pepe ya kwanza aliitia sahihi kwa jina refu lenye cheo chake, lakini tangu ile ya pili zote zinaishia kwa neno moja tu: Jack. Jana ametuma nakala ya pasipoti ili tumwandalie barua ya mwaliko ya kuombea viza, na katika pasipoti hiyo hakuna Jack popote. Jina lililoandikwa ni John, likiandamana na jina la ukoo lilelile tunalolifahamu.

Hapa ofisini tumegawanyika. Mkuu wa ghala, ambaye ni mtu mwenye heshima na aliyesoma shule nzuri, anasema kwamba Jack ni Jacques tu katika matamshi ya Kiingereza, na tayari amekwisha kuandika kwa kalamu nene kadi ya kuweka mezani siku ya mkutano wa kwanza: Monsieur Jacques. Ameikunja vizuri na kuihifadhi kabatini. Mhasibu naye ana hofu ya aina nyingine, kwamba ikiwa Jack ni Jacques na pasipoti inasema John, basi huenda tunaandikiana na mtu mmoja huku tukiletewa karatasi za ndugu yake, na hataki kutia sahihi lolote linalohusu fedha mpaka jambo hili lieleweke. Mimi nimekuwa nikisikia kwamba Waingereza wana desturi ya kufupisha majina, lakini John lina herufi nne na Jack lina herufi nne vilevile, kwa hiyo sioni kilichofupishwa.

Ninaomba msaada wenu katika mambo matatu. Jack na John yanahusianaje, na Jacques anaingia wapi? Niandike jina lipi katika barua ya mwaliko, katika mkataba na kwa watu wa hoteli? Na la tatu, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi: je, ni adabu mtu wa umri wangu kumwita Jack, bila neno lolote mbele, mzee ambaye kwa picha ya pasipoti yake angeweza kunizaa?

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu Mwandishi, mhasibu wenu na atulie. Jack wa barua na John wa pasipoti ni mtu mmoja, na kwa watu wanaozungumza Kiingereza jambo hilo ni la kila siku. Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa mjini, na swali lako hunijia kutoka kwa wanafunzi kila tunapofika kwenye somo la kuandika barua, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa urefu.

Umesema huoni kilichofupishwa, nawe umeona vizuri, kwa sababu jina hilo lilianza kwa kurefushwa. Katika Zama za Kati, Uingereza ilipokuwa na watawala waliozungumza Kifaransa, jina la Yohana liliandikwa na kutamkwa kwa namna nyingi: Johan, Jehan, Jan. Watu wakaliongezea mwishoni kiambishi -kin, kilichobeba maana ya udogo na mapenzi, kama sisi tunavyotanguliza ka- tunapomwita mtoto mdogo katoto. Jan akawa Jankin. Ile n ya katikati ikadondoka katika matamshi, akawa Jackin. Hatimaye mwisho wa neno nao ukaachwa, likabaki Jack. Mwaka 1892 E. W. B. Nicholson, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Bodleian huko Oxford, aliifuatilia njia hii katika maandishi ya kale, kwa sababu hata Uingereza kwenyewe walikuwapo watu wengi walioamini kama mkuu wenu wa ghala kwamba Jack ametoka kwa Jacques. Majina ya koo bado yanaonyesha nyayo hizo: Jenkins amembeba Jankin hadi leo, na Jackson ni mwana wa Jack, kwa hiyo kwa asili yake ni jina moja na Johnson.

Jacques ana ukoo wake mwingine kabisa. Ametoka katika jina la Kilatini Jacobus, na kwa Kiingereza mwenziwe ni James, au Jacob. Kwa wasomaji wa Biblia ni rahisi kulishika jambo hili, kwa kuwa wana wa Zebedayo walikuwa wawili, Yakobo na Yohana, ambaye wengi wetu hapa Kongo tunamsoma kama Yoane. Katika Biblia ya Kifaransa ndugu hao ni Jacques na Jean. Katika ile ya Kiingereza ni James na John. Kadi iliyomo kabatini kwenu, kwa nia njema kabisa, imemchukua mgeni kutoka kwa ndugu mmoja na kumpa mwingine.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa John F. Kennedy, rais wa Marekani kuanzia Januari 1961 hadi alipouawa tarehe 22 Novemba 1963. Nyumbani kwao na miongoni mwa rafiki zake aliitwa Jack. Katika karatasi za serikali alikuwa John. Na hapa kuna jambo ambalo huwachanganya wanafunzi wangu wenye Kifaransa kizuri, kwa sababu mkewe aliitwa Jackie, na Jackie huyo kweli anatoka kwa Jacqueline, yaani ni jike la Jacques. Mume na mke wakawa na majina yanayofanana masikioni, moja likitoka kwa Yohana na jingine kwa Yakobo. Mfano wa pili ninaupenda zaidi kwa sababu unapita katika Kifaransa chenyewe. Mwandishi Jack Kerouac alizaliwa mwaka 1922 huko Lowell, Massachusetts, katika familia iliyotoka Kanada ya Kifaransa, akabatizwa Jean-Louis, na mama yake alimwita Ti Jean. Mtoto huyo alipoingia katika Kiingereza, Jean wake aligeuka kuwa Jack, wala hakuna mtu wa nyumba ile ambaye angemwandika Jacques.

Kuhusu majina mengine, sababu ya mchezo wote huu ilikuwa uchache wa majina. Kijiji kimoja cha Uingereza katika karne ya 13 au ya 14 kiliweza kuwa na akina John, William, Robert na Richard wengi mno, na ilibidi kuwatofautisha. Watu wakachukua kipande cha mbele cha jina, kisha wakabadilisha herufi ya kwanza ili kipande hicho kiimbe na kile cha kwanza: Robert akawa Rob, na Rob akazaa Bob, Hob na Dob; Richard akawa Rick, kisha Dick; William akawa Will, na baadaye Bill. Mara nyingine neno la zamani lenye maana ya "wangu", ambalo liliishia kwa n, liliiacha n hiyo juu ya jina lililofuata, ndipo Ed akawa Ned na Ann akawa Nan. Sisi tunakata tu: Espérance anakuwa Espe, Innocent anakuwa Inno, Dieudonné anakuwa Dieudo, na kila mtu anaona jina lilikokatwa. Wao walikata na kugeuza, ndiyo maana mgeni huona majina mawili yasiyojuana.

John lilipokuwa jina la kila nyumba, Jack likawa jina la mwanamume yeyote wa kawaida, hasa kijana wa kutumwa kazi, na vyombo vilivyochukua nafasi ya kijana huyo vikarithi jina lake. Kile chombo cha kuinulia gari ambacho gereji zetu hukiita kriki, kwa Kifaransa, madereva wa malori wanaofika Kasumbalesa kutoka Tanzania hukiita jeki. Ni Jack huyuhuyu.

Mkalimani wa Himbi, Goma

Mwalimu amemaliza swali la kwanza, nami nitashika la pili, kwa kuwa kazi yangu ni kutafsiri hati na nimeona karatasi nyingi zikirudishwa kwa sababu ya jina tu.

Ndugu Mwandishi, katika barua ya mwaliko andika majina yote ya pasipoti, kwa tahajia ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Ukitaka kuwa na hakika, usitazame sehemu ya juu peke yake. Shuka hadi mistari miwili ya chini kabisa ya ukurasa wenye picha, ile inayosomwa na mashine. Hapo jina la ukoo hutangulia, hufuatwa na alama mbili zinazofanana na ncha za mishale, kisha majina ya kupewa. Mgeni wenu akiwa na jina la pili baada ya John, nalo liingie. Tiketi ya ndege nayo lazima ifuate pasipoti, kwa hiyo ikiwa ninyi ndio mnaomnunulia, msimwandike Jack hata kama yeye mwenyewe ameandika hivyo kwa haraka katika barua. Na tafadhali usilitafsiri jina. Nimewahi kuona John wa watu akifanywa Jean katika hati moja na Yohana katika hati nyingine ya faili ileile, na kila mwandishi akidhani amesaidia. Jina la mtu katika hati halitafsiriwi.

Kuna mtego mmoja ambao ni wetu wenyewe. Fomu zetu zina nafasi tatu, za nom (jina la ukoo), postnom (jina la asili linalofuata) na prénom (jina la kupewa), na ile ya katikati tumeizoea tangu siasa ya uhalisi ya Mobutu, ambaye mwaka 1972 aliacha Joseph-Désiré na kuwataka raia waache majina ya Kikristo na kushika majina ya asili. Majina ya ubatizo yalirudi baadaye, lakini postnom ilibaki, na karani wetu anapoona mgeni ana majina matatu huyagawa katika nafasi hizo tatu bila kufikiri. Kwa Mwingereza jina la katikati ni jina la kupewa kama lile la kwanza. Liweke pamoja na John katika nafasi ya prénom, na nafasi ya postnom upige mstari.

Katika mkataba, hapo ndipo Jack anapoweza kuingia kwa faida. Mwanzoni kabisa, mnapowataja wahusika, andika majina kamili ya pasipoti pamoja na namba yake, kisha uongeze mara moja tu: anayejulikana pia kwa jina la Jack. Mkataba ukiwa wa Kifaransa, neno dit ambalo mawakili wetu hulitumia kila siku linatosha. Baada ya hapo tumia jina la ukoo hadi mwisho wa mkataba. Mhasibu wenu ataona kwamba barua zote zilizotiwa sahihi kwa Jack zimefungwa na mtu mwenye pasipoti ile, naye hatakuwa na sababu ya kuogopa ndugu asiyekuwapo. Kwa malipo ya benki, mwombe mgeni akuandikie jina la mwenye akaunti kama benki yake ilivyoliandika, ulinakili hivyohivyo. Hoteli nao wapewe jina la pasipoti, kwa sababu mtu wa mapokezi atajaza fishi ya mgeni akiwa ameishika pasipoti mkononi.

Msomaji wa Kadutu, Bukavu

Ninakubaliana na wakubwa walionitangulia kuhusu mgeni huyu, kwa kuwa pasipoti yake imekwisha kusema John na hakuna ubishi. Lakini ninaogopa kwamba msomaji mwingine atatoka hapa akishika kanuni kwamba kila Jack ni John, kisha aende kumwandika John mtu ambaye hajawahi kuwa John maishani mwake.

Mwalimu ametaja Novemba 1963. Siku mbili baada ya kuuawa kwa Kennedy, mtu aliyempiga risasi Lee Harvey Oswald, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, aliitwa Jack Ruby, naye alikuwa amezaliwa Jacob Rubenstein. Jack huyo alikuwa Yakobo. Kwa hiyo habari moja ya msiba ilikuwa na akina Jack wawili wa asili mbili, na anayetaka kushika kanuni moja atashindwa hapo hapo. Mwandishi C. S. Lewis, aliyezaliwa Belfast mwaka 1898, alikuwa Clive Staples katika karatasi zote, lakini tangu utotoni alikataa kuitwa hivyo. Alijichagulia jina Jacksie, la mbwa aliyekuwa amegongwa na gari, na rafiki zake wakamwita Jack hadi alipokufa. Huyo hakuwa John wala Jacob.

Zaidi ya hayo, kwa vijana wa leo Jack mara nyingi si jina la nyumbani tena. Ni jina kamili, lililoandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Kwa miaka mingi mfululizo hadi 2008 ndilo lililoongoza kwa watoto wa kiume waliozaliwa England na Wales, na watoto hao sasa ni watu wazima wanaosafiri, wanaoomba viza na kutia sahihi mikataba. Mwandishi akimpokea kesho Jack mwenye miaka 25 na kumwandika John kwa kuwa alisoma hapa kwamba ndivyo ilivyo, atamharibia karatasi. Kuna hata viongozi waliolipandisha jina la nyumbani hadi kwenye kiti cha serikali: Jimmy Carter, aliyezaliwa James Earl, aliapa kuwa rais mwaka 1977 kwa jina la Jimmy na akatumia jina hilo katika kazi zote za urais. Historia ya jina inakusaidia kuelewa; karatasi inataka umuulize mwenyewe.

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu wa Kadutu amesema vema, nami ninaunga mkono. Umri ni dalili nzuri: kwa Mskoti aliyekaribia kustaafu, Jack kuwa John ni jambo la kutarajiwa, na kadiri mtu anavyozidi kuwa kijana ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba Jack ndilo jina lake lote. Kwa Jacques, hata hivyo, sibadili neno. Hata yule Ruby alikuwa Jacob kwa wazazi wake, na hakuna aliyemwita Jacques.

Mwandishi wa Kamalondo, Lubumbashi

Nimesoma yote na kuyachapisha kwa ajili ya mhasibu, ambaye amekubali maneno ya Mkalimani kuhusu mkataba na ameyapigia mstari. Barua ya mwaliko imekwisha kuandikwa kwa majina ya pasipoti.

Swali la tatu bado halijajibiwa, na leo limeongezeka. Mgeni ametuandikia kwamba atakuja na mkewe, na maneno yake ni haya: Peggy anauliza kama kunakuwa na baridi Lubumbashi mwezi wa Juni. Nakala ya pasipoti ya mama huyo inasema Margaret. Baada ya masomo yenu sikushtuka tena, lakini sijui nimjibu vipi, na nisingependa kuanza kwa kumvunjia heshima.

Mama wa Nguba, Bukavu

Mwanangu, umeuliza kwa moyo mzuri, nami nitakujibu kama mama. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi, na katika kituo chetu cha afya tuliwahi kuwa na daktari mgeni aliyetia sahihi kila karatasi kwa jina Bob. Wauguzi vijana walimwita Docteur Bob. Sisi wenye umri, pamoja na wamama waliokuja kujifungua, tulimwita Papa Bob, na siku ya kwanza mmoja wetu alimweleza kwamba Papa kwetu si kumfanya mzee wala kuomba kitu. Ni neno tunalolitanguliza ili jina la mtu mzima lisisimame uchi. Alifurahi sana, na hata alipoondoka alituandikia barua akitia sahihi Papa Bob. Kwa hiyo usijilazimishe kutamka Jack peke yake ikiwa kinywa chako kinakataa. Mwambie Papa Jack, umweleze kwa nini, naye atakuelewa.

Jambo moja uliangalie. Dereva wetu, kijana mchangamfu, alidhani mapenzi yakizidi jina nalo huzidi, akaanza kumwita Bobby. Daktari hakusema neno, lakini uso wake ulibadilika, na baadaye alinieleza kwamba jina hilo aliliacha kwa mama yake alipokuwa mtoto. Usimwongezee mtu mwisho mtamu ambao hakuutia mwenyewe.

Mkalimani wa Himbi, Goma

Kwa heshima yote kwa Mama, ningeongeza tofauti kati ya mdomo na kalamu. Mdomoni, Papa Jack ni zuri, na ninaamini litampendeza. Katika barua ya Kiingereza silipendekezi, kwa sababu msomaji mwingine atakayeipata barua hiyo hana mtu wa kumweleza desturi yetu. Vilevile Bwana Jack au Monsieur Jack, ambalo kwetu ni la kawaida kabisa, kwa Kiingereza halikai vizuri. Neno lao la Bwana hufuatana na jina la ukoo. Likiwekwa mbele ya jina la kupewa, linaleta sauti ya mtumishi wa zamani anayemwita mtoto wa bwana wake, na mzee mwenye adabu ataona aibu kuitwa hivyo na mwenzake wa kazi.

Tazama alivyofanya yeye mwenyewe. Barua ya kwanza aliitia sahihi kwa jina refu na cheo. Ya pili akaandika Jack. Kwao huo ndio mlango, na hufunguliwa kimya kimya, bila sherehe. Mtu mwenye umri mkubwa au cheo kikubwa zaidi ndiye anayetangulia kuufungua, na amekwisha kuufungua. Ukiendelea kumwandikia Bwana na jina la ukoo, yeye hasomi heshima tena. Anaanza kujiuliza kama umekasirika au kama kampuni ina jambo inalolificha. Kwa hiyo katika barua ijayo anza kwa Mpendwa Jack, na heshima yako uiweke katika maneno yanayofuata, katika kumshukuru, katika kumuuliza safari yake itakuwaje, katika kujibu kila alichouliza bila kuruka kitu. Kiingereza hakina njia nyingi za kumheshimu mtu kwa kumwita. Kina nyingi za kumheshimu kwa namna ya kumwandikia.

Mama wa Nguba, Bukavu

Nimekubali kuhusu kalamu. Mdomoni ninabaki na Papa.

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Nami nimalizie kwa Peggy. Njia ni ileile ya Bob: Margaret lilikatwa likawa Meg, na Meg ikabadilishiwa herufi ya mbele ikawa Peg, kisha ikavalishwa mwisho wa mapenzi ikawa Peggy. Mary alipita njia hiyohiyo, akawa Molly, kisha Polly. Inaonekana m na p zilipenda kubadilishana, na kweli midomo hufungwa vilevile kwa herufi zote mbili. Kwa karatasi za viza fuata maelezo ya Mkalimani: Margaret, na majina mengine yote kama yalivyo katika pasipoti.

Lakini katika kumwandikia kuna tofauti kubwa kati yake na mumewe, nami ninaomba uitazame kwa makini. Jack alijipa jina hilo mwenyewe mbele yenu alipotia sahihi. Peggy hajawaandikia neno. Mumewe ndiye aliyemwita hivyo, kama mume anavyomwita mke, na ilitokea tu kwamba ninyi mlikuwapo. Ruhusa yake hamjaipata. Ukimjibu kupitia kwa mumewe, unaweza kuandika kwa usalama "mke wako", ueleze kwamba Juni hapa ni kiangazi, kwamba mchana jua huwaka lakini asubuhi na usiku kuna baridi ya kuhitaji sweta, kwa kuwa mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ukimwandikia yeye moja kwa moja, kwa mfano kuhusu hoteli, mwite Bibi na jina la ukoo. Kisha utazame atakavyotia sahihi katika jibu lake: akiandika Margaret, ni Margaret, akiandika Peggy, barua ya pili umwite Peggy.